Rekodi ya Jazi Isiyo na Jina: Namna ya Kuisikiliza Mpaka Ijitaje

Mtu anakutumia faili la sauti. Halina jina la wimbo, halina mwaka, halina mpigaji. Unabonyeza, saksafoni ya tena inaingia, na kabla sekunde kumi hazijapita mdomo umeshatamka: "Huyu Coltrane," yaani John Coltrane, mpiga tena mashuhuri. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wameanza na kitu kinachoigwa kuliko vyote. Kila mpiga saksafoni mkubwa ana mamia ya watu waliokesha wakinakili solo zake noti kwa noti. Chumba alichorekodiwa hakuna aliyekesha akikiiga. Maikrofoni, mashine iliyokuwa ikizunguka, mkono wa mpiga dramsi kwenye toazi: hivyo havijui kujificha. Ndiyo maana utaratibu ulioelezwa hapa unakwenda kinyume na pupa ya sikio. Sauti ya rekodi yenyewe kwanza, halafu dramsi na besi, halafu muundo wa wimbo. Jina la mpiga solo linaandikwa mwisho.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Leonard Feather, mhakiki wa jazi, alianza mwaka 1946 katika jarida la Metronome kuwapigia wanamuziki rekodi bila kuwatajia majina, na baadaye akauhamishia kwenye DownBeat. Msikilizaji alitoa maoni yake na nyota, mwisho tano. Mwaka 1951 mpiga tarumbeta Roy Eldridge, aliyeshikilia kwamba kwa sikio tu anaweza kutenganisha mpigaji mweupe na mweusi, alikubali kupimwa. Alikosa mara nyingi kuliko alivyopatia. Sikio lake halikuwa na walakini. Swali lenyewe ndilo lililokuwa bovu, maana lilimfanya atafute kitu ambacho hakimo kwenye sauti.

Kuandaa kikao

Ukisikiliza peke yako, mwombe mtu mwingine akuandalie mafaili. Ukijiandalia mwenyewe na kuyachanganya, utayakumbuka tu, hata kama ni kwa urefu wake.

Vipande vinane vinatosha. Kila kimoja kisikilizwe mara mbili, na kwa vipande vya dakika nne hadi sita kikao kitachukua saa moja na nusu hadi mbili pamoja na mazungumzo. Zaidi ya hapo masikio yanachoka, na kipande cha kumi kinapewa hukumu ya uchovu. Mwandaaji afanye haya:

1. Afute maelezo yote yaliyo ndani ya faili (jina, albamu, mwaka, picha ya jalada), kisha alipe namba tu. Kubadilisha jina la faili pekee hakutoshi, kwani programu nyingi za kuchezea muziki husoma maelezo ya ndani na kuyatandaza kwenye skrini.
2. Alinganishe ukubwa wa sauti. Sikio hukipenda kipande chenye sauti kubwa na kukiita "bora". Programu ya bure kama Audacity ina chaguo la kusawazisha sauti. Weka vyote kwenye LUFS -18 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) au karibu na hapo.
3. Atumie FLAC au MP3 ya kbps 256 kwenda juu. Kwenye MP3 ya kbps 128 matoazi hugeuka mchirizo wa maji, na matoazi ndiyo ushahidi wako mkubwa.
4. Asikate wimbo katikati. Mzunguko wa kwanza, yaani pale wimbo wenyewe unapochezwa mara moja mwanzo hadi mwisho kabla ya solo, lazima usikike wote.
5. Aweke mtego mmoja tu, yaani kipande cha kudanganya sikio. Mwandaaji anayejaza mitego vipande vyote vinane anajipima ujanja, si kuwapima wenzake masikio.

Msikilizaji anahitaji karatasi yenye safu tano: hukumu, miaka, kikundi cha mdundo (dramsi, besi, piano, gita), wimbo, jina. Visikizi vya masikioni ni bora kuliko spika kwa kazi hii, kwa kuwa vinaonyesha kilicho kushoto na kilicho kulia.

Mara ya kwanza: andika kama umependa

Usikilizaji wa kwanza hauhusiki na utambuzi. Sikiliza hadi mwisho, kisha kwenye safu ya hukumu andika sentensi mbili: kipi kimekushika, kipi kimekuchosha. Andika kwa kalamu ya wino. Hukumu ikishaandikwa usiiguse, hata jina likitajwa ukatamani ardhi ipasuke.

Sababu ni rahisi. Jina likishaingia kichwani, sikio linaanza kulitumikia. Kwa mtu mashuhuri noti iliyoteleza inaitwa ujasiri, kwa asiyejulikana inaitwa kosa. Faida pekee isiyopatikana kwingine katika kusikiliza bila jina ni hukumu hii ya kwanza, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko kupatia majina yote manane. Msikilizaji aliyesema "solo ya piano imenichosha baada ya mzunguko wa pili" kisha akaambiwa ni ya gwiji anayempenda, amejifunza jambo. Aliyepatia jina bila kuwa na la kusema hajajifunza kitu.

Kuikisia miaka kwa sauti ya rekodi

Sasa rudia, na usisikilize muziki. Sikiliza hewa iliyouzunguka.

Kabla ya mwaka 1925 rekodi zilifanywa kwa pembe, bila umeme: wapigaji walijipanga mbele ya pembe kubwa iliyotikisa sindano. Sauti nzito za chini na kali za juu hazikuingia. Ukisikia bendi inayotoka kama kwenye simu, ngoma kubwa ya mguu haipo, mpiga ngoma anagonga vipande vya mbao na matoazi ya kuzima, umo humo. Kuanzia 1925 maikrofoni zikaingia, na besi ikaanza kuwa na mwili.

Urefu nao ni saa ya ukutani. Santuri ya inchi 10 ya kasi ya 78 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Kipande cha dakika 2:50 ambamo kila mtu anapiga vipimo 8 au 16 (kipimo ni mapigo manne) kisha anampisha mwenzake, na mwisho umepangwa vizuri, ni cha zama za santuri hizo. Kampuni ya rekodi ya Columbia ilileta santuri ndefu ya kasi ya 33⅓ mwaka 1948, na tepu ya sumaku ikazoeleka studioni miaka hiyohiyo. Ukikuta solo ya mizunguko saba studioni, toa miaka ya 1930 kwenye hesabu. Lakini angalia: matangazo ya redio na rekodi za kwenye vilabu hazikufungwa na dakika tatu, kwa hiyo kipande kirefu chenye sauti ya zamani na makofi kinaweza kuwa cha 1938 bila tatizo.

Kuna pengo la kukumbuka. Chama cha wanamuziki cha Marekani kilizuia wanachama wake kurekodi kuanzia tarehe 1 Agosti 1942. Decca walikubaliana nacho Septemba 1943, Columbia na Victor wakachelewa hadi Novemba 1944, na mgomo mwingine ukafuata mwaka 1948. Basi mtu akikwambia kipande cha studio cha kampuni kubwa ni cha "mwanzoni mwa 1943", muulize mara mbili. Cha redio kinawezekana. Cha V-Disc, santuri zilizotengenezewa wanajeshi, kinawezekana kuanzia mwishoni mwa 1943.

Stirio, yaani sauti iliyogawanywa kushoto na kulia, iliingia sokoni kwa santuri mwaka 1958. Stirio ya awali inajulikana kwa ukali wa mgawanyo: tarumbeta kushoto kabisa, dramsi kulia kabisa, katikati pamebaki kama uwanja mtupu. Jihadhari na stirio ya uongo ya miaka ya 1960, ambapo rekodi ya mono (sauti moja isiyo na kushoto wala kulia) iligawanywa, sauti za chini zikapelekwa upande mmoja na za juu upande wa pili. Namna ya kuigundua: zima upande mmoja. Ukiwa bado unawasikia wapigaji wote, ila sasa wanasikika wamezibwa pua, hiyo ni mono iliyovishwa joho.

Besi ya kusimama inastahili aya yake. Hadi miaka ya 1950 nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama: noti inatoka "dum" na kufa upesi, na mpigaji anazivuta kwa nguvu ili asikike. Nyuzi za chuma ziliporefusha noti, besi ikaanza kuimba. Kisha katika miaka ya 1970 wengi wakachomeka kinasa sauti moja kwa moja kwenye besi, ikawa na mlio wa mpira unaonyooka, kama wa gita la besi la umeme lisilo na vizuizi. Mlio huo ukiusikia, hata saksafoni ya tena ikipiga kama ni 1957, usiandike 1957.

Ala zenyewe zinasaidia. Banjo na tuba zinaashiria miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa 1930, au bendi ya baadaye inayofufua mtindo huo. Ubora wa rekodi utakwambia ni ipi. Solo ya gita la umeme inakupeleka zaidi 1939 kwenda mbele, mwaka mpiga gita Charlie Christian alipojiunga na bendi ya Benny Goodman. Ogani ya Hammond ikiongoza kikundi kidogo kwa kasi ya bibopu (jazi ya haraka iliyozuka miaka ya 1940), fikiria katikati ya miaka ya 1950 na Jimmy Smith. Piano ya umeme, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Usidanganywe na makofi. Albamu ya mpiga saksafoni Cannonball Adderley ya mwaka 1966 ilitangazwa kuwa imerekodiwa kwenye klabu ya Chicago, kumbe ilirekodiwa studio za Capitol huko Hollywood, mbele ya wageni waalikwa. Sikiliza mkia wa sauti ya piano: studio yenye watu na ukumbi wa klabu havifi kwa namna moja.

Kupima kasi kabla ya kumhukumu mtu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozalisha majina ya uongo. Santuri za "78" hazikukatwa zote kwa kasi ya 78, na tepu zilizonakiliwa mara tatu zimepotoka mara tatu. Faili likiwa limeharakishwa kwa asilimia 6 hivi, kila noti imepanda nusu toni. Sauti nzito ya saksafoni ya tena inakuwa nyepesi, mtetemo wa noti unaharakishwa, na mpiga tena Coleman Hawkins anaanza kufanana na mtu mwingine kabisa.

Hata rekodi mashuhuri hazikupona. Upande wa kwanza wa albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis, Kind of Blue, ulirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 kwenye mashine iliyokuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa. Ilipochezwa kwa kasi sahihi, muziki ukapanda juu kidogo, na hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 30 hadi toleo la miaka ya 1990 liliporekebishwa.

Pima hivi. Tafuta noti ya mwisho ya wimbo na uilinganishe na piano au programu ya kupimia sauti kwenye simu. Tarumbeta na tena ni ala za B-bemoli, alto na baritoni ni za E-bemoli, kwa hiyo wapuliziaji hupenda funguo (noti za nyumbani za wimbo) za F, B-bemoli, E-bemoli na A-bemoli. Ukikuta bluzi ya kawaida ya bendi ya wapuliziaji iko kwenye B kavu, isiyo na bemoli, au imekaa katikati ya funguo mbili, shuku kasi kwanza. Punguza au ongeza hadi ikae kwenye ufunguo wa karibu unaoeleweka, kisha sikiliza upya.

Kipimo cha pili ni mvumo wa umeme, ule mlio wa chini unaoingia kwenye rekodi kutoka kwenye nyaya. Fungua faili kwenye Audacity, chagua sehemu tulivu kabla muziki haujaanza, na utazame mchoro wa masafa ya sauti. Umeme wa Marekani ni Hz 60, wa Ulaya ni Hz 50. Rekodi ya New York yenye mvumo kwenye Hz 62 imeharakishwa kwa zaidi ya asilimia 3, yaani zaidi kidogo ya nusu ya nusu toni. Tatizo ni kwamba mvumo unaweza kuwa umeingia siku ya kunakili, si siku ya kurekodi. Ukikuta mvumo wa Hz 50 kamili kwenye bendi ya Kansas City, umempata aliyenakili akiwa Ulaya, hujaipata bendi. Vipimo viwili vikikubaliana, viamini. Vikipingana, fuata ufunguo wa wapuliziaji.

Kikundi cha mdundo

Ikiwa una nafasi ya kuuliza swali moja tu kuhusu rekodi, uliza: mwendo unawekwa wapi? Katika miaka ya 1920 ulikaa kwenye sneya (ngoma ndogo yenye nyaya chini) na ngoma ya mguu. Miaka ya 1930, wapiga dramsi akina Jo Jones wa bendi ya Count Basie waliuhamishia kwenye hai-hati, yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Kenny Clarke akaupeleka kwenye toazi kubwa la pembeni, na ngoma ya mguu ikaachiwa kazi ya kulipua hapa na pale. Hatua hizo tatu pekee hugawanya rekodi nyingi vizuri kuliko solo yoyote.

Kisha mkono wa mtu. Art Blakey anabana hai-hati kwenye pigo la pili na la nne kama anayefunga mlango, na anaingiza mvingirisho wa sneya unaoanza chini na kufoka chini ya mpiga solo mpya. Philly Joe Jones mara nyingi hugonga ukingo wa sneya kwenye pigo la nne, kavu, kila kipimo, hasa nyuma ya piano. Elvin Jones hugawa pigo katika tatu na kuliviringisha kati ya mikono na miguu mpaka hujui kipimo kimeanzia wapi, ilhali hakijapotea. Max Roach akipiga solo unaweza kuiimba.

Ukisikia gita la kawaida likikata mapigo manne sawasawa ndani ya bendi kubwa, kwa upole kiasi kwamba unalihisi kuliko kulisikia, jina la kwanza la kujaribu ni Freddie Green, aliyekuwa na Basie kuanzia 1937. Besi inayopigwa kwa upinde huku mpigaji akiimba pamoja nayo ina majina mawili makubwa, na yanatenganishwa na jambo moja: Slam Stewart anaimba oktava moja juu ya besi, Major Holley anaimba sauti ileile ya besi. Ni ushahidi mzuri mno kuupoteza.

Piano ni ya kikundi cha mdundo kabla haijawa ya solo, kwa hiyo itazame mkono wa kushoto. Erroll Garner anapiga kordi (noti kadhaa kwa pamoja) nne kwa kipimo kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayekung'uta gita, huku wa kulia ukija umechelewa kidogo. McCoy Tyner anaangusha noti mbili nzito chini kabisa ya kinanda, kisha kordi zilizojengwa kwa mapengo ya nne, kila noti ikiwa ya nne kutoka iliyo chini yake. Thelonious Monk anabonyeza noti mbili jirani kwa pamoja, anatua, halafu ananyamaza mahali ambapo mwingine angejaza. Ukisikia mtu anaguna au anaimba nyuma ya piano, usikimbilie Keith Jarrett: Bud Powell aliguna, Garner aliguna, Oscar Peterson aliimba mistari yake.

Kuutafuta wimbo

Hesabu. Hakuna njia ya mkato. Gonga mguu, kila mapigo manne ni kipimo kimoja, na uandike mstari kila muziki unapohisi kurudi mwanzo. Ukirudi baada ya vipimo 12, ni bluzi. Baada ya 32, gawa kwa nane: A, A, B, A, huku B ikiwa daraja linalokupeleka mahali pengine kabla ya kurudi nyumbani. Kosa la kawaida ni kuhesabu utangulizi kama sehemu ya wimbo. Anza kuhesabu pale wimbo wenyewe unapoingia, na uhakikishe kwa mzunguko wa pili.

Wanamuziki wa bibopu walichukua kordi za nyimbo za zamani na kuziwekea wimbo mpya juu yake. Zilizotumika zaidi, ukiacha bluzi, ni za "I Got Rhythm" ya George Gershwin ya mwaka 1930. Utazitambua kwenye daraja: kordi nne, kila moja ikikaa vipimo viwili, zikiruka kwa mapengo ya nne kuelekea nyumbani, kwenye B-bemoli ni D7, G7, C7, F7. Mzunguko wa vipimo 64 kwa mwendo wa kukimbiza roho unakupeleka kwenye "Cherokee" ya Ray Noble, ambayo Charlie Parker aliigeuza kuwa "Ko-Ko" mwaka 1945. Wimbo wa juu usipoujua, jaribu kuimba wimbo wa zamani juu ya solo. Ukikaa hadi mwisho bila kugongana na besi, umepata kordi.

Mwaka wa kutungwa wimbo ni ukuta: rekodi haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Ni hoja ndogo inayofuta makisio mengi ya kujiamini.

Sasa mpiga solo

Ukifika hapa una miaka, una mwendo, una kordi. Kabla ya kutaja jina, sikiliza noti ndefu tu. Mistari ya haraka ndiyo inayonakiliwa. Noti ndefu ni pumzi na mdomo, na mdomo ni wa mtu mwenyewe. Rudia noti moja ndefu mara tano. Inaanzaje: kwa ulimi, kwa hewa, au kwa kutelezeshwa kutoka chini? Mtetemo unaanza lini? Inaishaje?

Louis Armstrong kwenye tarumbeta anaishika noti ikiwa imenyooka, kisha anaitikisa mwishoni. Johnny Hodges wa alto anapanda kwenye noti kama mtu anayepanda ngazi iliyopakwa mafuta, bila kuonyesha daraja lolote. Ben Webster wa saksafoni ya tena kwenye wimbo wa polepole anamaliza noti lakini hewa inaendelea kutoka. Sekunde nzima unasikia pumzi bila sauti. Lester Young, naye wa tena, ana mtetemo mdogo, anakaa nyuma ya pigo, na anairudia noti ileile kwa vidole tofauti ili ibadilike rangi. Jackie McLean kwenye alto anakaa juu kidogo ya noti, kwa hiyo akikusikikia "hajakaa sawa", usimwite asiyejua. Miles Davis wa katikati ya miaka ya 1950 ana kizibo cha Harmon kilichotolewa mrija wa katikati, mdomo wa tarumbeta ukiwa umekaribia kugusa maikrofoni. Wengi walikinunua kizibo hicho, wachache walithubutu kunyamaza kama yeye.

Kwa kila jina kubwa, andika pia kivuli chake, yaani mtu anayefanana naye kwa sauti. Ukiandika Lester Young, jiulize kwa nini si Paul Quinichette. Ukiandika Charlie Parker, kwa nini si Sonny Stitt. Ukiandika tromboni ya vali kwa sababu noti ni safi mno, kwa nini si J.J. Johnson, aliyepiga ya kuteleza kwa usafi uliowachanganya watu wengi. Ukishindwa kujibu, safu ya jina iandikwe "mtu wa shule ya Parker, karibu 1950". Hilo ni jibu kamili na la heshima. Wapo wanaoliona ni kukwepa. Ni wale wanaotaja majina manane na kukosa sita.

Bendi kubwa zina njia yao. Kwa Duke Ellington sikiliza mchanganyiko usio wa kawaida, kwa mfano klarineti, tromboni na tarumbeta zenye vizibo zikiimba pamoja badala ya kila ala na kundi lake, na baritoni ya Harry Carney ikishika chini kama nguzo. Klarineti ikiongoza saksafoni kwa utamu usiokatika, jaribu Glenn Miller. Saksafoni za tena tatu na baritoni moja bila alto kwenye mstari wa mbele, Woody Herman wa 1947 na kuendelea.

Kuhakikisha

Programu za simu za kutambua muziki zinafanya kazi moja tu: zinalinganisha alama za faili na rekodi ambazo tayari zimo kwenye hifadhi yake. Zikikujibu, rekodi imeshatolewa na umemaliza. Zisipojibu, hujathibitisha kwamba ni ya siri. Huenda kasi imepotoka tu. Rekebisha kasi kwanza, kisha jaribu tena kwa sehemu tatu tofauti za wimbo.

Baadaye fungua diskografia, orodha zinazoonyesha nani alirekodi nini, wapi, siku gani na akina nani. Tafuta kwa jina la wimbo na ala zilizopo, si kwa jina ulilolikisia, ili usijitafutie unachotaka. Ukipata rekodi inayofanana, ziweke mbili pamoja na ulinganishe solo noti kwa noti. Wimbo ukiwa uleule, wapigaji walewale, lakini solo tofauti, umekutana na jaribio lingine la siku hiyohiyo au siku nyingine. Solo ikiwa ileile lakini urefu tofauti, pima kasi.

Ukiwa na santuri yenyewe mkononi, iinamishe chini ya taa na usome sehemu laini iliyo kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Namba iliyochongwa pale hukutajia rekodi, na mara nyingi herufi au tarakimu ya mwisho ni ya jaribio. Lebo ya karatasi inaweza kubandikwa kimakosa. Namba iliyochongwa ni vigumu kuibishia.

Na sanduku la tepu lisomwe pande zote, hata nyuma. Mwaka 2005 Larry Appelbaum wa Maktaba ya Bunge la Marekani alikuwa akiandaa kanda za redio ya Marekani, Voice of America, zihifadhiwe kidijitali, akakuta zilizoandikwa tamasha la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957, moja ikiwa na maneno mafupi "T. Monk". Ndani yake kulikuwa na Thelonious Monk na John Coltrane, kikundi ambacho hadi hapo kilikuwa na rekodi chache mno. Jina la Coltrane halikuwa limeangaziwa mahali; lilipatikana kwa sikio lililojua Monk alipiga na nani mwaka huo.

Kipande kikikataa kabisa, usikifute. Kipe jina la faili linalobeba ulichothibitisha: miaka, ala, muundo, ufunguo, kasi uliyorekebisha na kwa asilimia ngapi, kisha neno "haijatambuliwa". Hifadhi nakala ya awali pia, bila marekebisho yoyote, kwa sababu atakayeitambua huenda akawa amegundua kwamba kasi uliyoichagua wewe ndiyo iliyokuwa inamficha mpigaji.